Glavu zilezile, vitanda vitatu: maswali kuhusu bakteria sugu wodini

Bakteria sugu ni wepi?
Ni wale ambao dawa zilizokuwa zikiwaua sasa haziwatishi. Anayesikika zaidi ni MRSA, aina ya stafilokokasi asiyeuawa na dawa ya methisilini, aliyegunduliwa Uingereza mwaka 1961. Anaweza kukaa puani mwa mtu mzima wa afya bila kumsumbua, ila akipata kidonda cha upasuaji ni habari nyingine.

Mama yangu amelazwa, nesi anavaa glavu. Haitoshi?
Amezivaa saa ngapi? Tazama: anasafisha kidonda kitanda cha kwanza, anashika faili, anavuta pazia, kisha anarekebisha dripu kitanda cha tatu, glavu zilezile. Hapo zinamkinga yeye, si mama yako. Glavu ni za mgonjwa mmoja, tena kwa kazi moja. Zikishavuliwa, mikono inanawiwa, maana glavu hutoboka, na kuzivua kwenyewe huchafua.

Kwani hawakufundishwa?
Wengi wamefundishwa. Muulize muuguzi nyakati tano za kunawa za Shirika la Afya Duniani, atakutajia bila kusita: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka kanyula (kile kimrija cha dripu kwenye mshipa), baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hii ya mwisho ndiyo naona inaponyoka kirahisi. Nani anaona reli ya kitanda kuwa chafu? Halafu wodi imejaa, zamu ya usiku watu wachache, sinki iko mwisho wa korido, na maji ya Dar mnayajua. Ndiyo maana napenda kitakasa mikono kiwe palepale kitandani: sekunde 20 hadi 30 kinamaliza kazi, wakati sabuni na maji ni 40 hadi 60.

Kwa hiyo kitakasa kinaua wote?
Hapana. Yupo Clostridioides difficile, wa kuhara baada ya antibiotiki; mbegu zake zina ganda ambalo spiriti ya kitakasa hailipenyi. Huyo ni sabuni na maji, kama ilivyo kwa mikono yenye uchafu wa kuonekana.

Mimi ndugu wa mgonjwa nifanye nini?
Umetoka Mbagala na daladala, chupa ya uji mkononi: nawa kabla hujamshika mgonjwa, na tena ukiondoka. Usikalie kitanda cha jirani. Ukiona glavu hazijabadilishwa, sema kwa upole, “Samahani dada, naomba uvae nyingine kwa mama.” Na kama ana mpira wa mkojo, ukimgeuza hakikisha mfuko unabaki chini ya usawa wa kibofu, lakini mfuko huo usiguse sakafu.