Kifaduro hakiletwi na baridi

Huku Nakuru, hasa Juni na Julai asubuhi zikiwa baridi, wengi huamini mtoto akishikwa na kifaduro ni baridi ilimuingia kifuani juu hakufunikwa vizuri, dawa ni sweta mbili na kupakwa mafuta ya kifua. Inaeleweka, maana kinaanza kama homa ya kawaida tu, makamasi na kukohoa kidogo.

Lakini kinacholeta kifaduro ni bakteria, inaitwa Bordetella pertussis, inatoka kwa mgonjwa akikohoa ama kupiga chafya. Ingekuwa ni baridi, Kisumu na joto lake watoto hawangeugua, na huwa wanaugua. Na mara nyingi anayemwambukiza mtoto ni mtu mzima wa hapo nyumbani, ako na kikohozi cha wiki kadhaa anadhani ni vumbi, juu kinga ya chanjo hupungua miaka ikienda.

Baada ya wiki moja ama mbili kikohozi kinageuka, mtoto anakohoa mfululizo hadi pumzi inaisha, anaivuta kwa mlio, anatapika. Mtoto mchanga anaweza kukosa huo mlio kabisa, anaacha tu kupumua kwa muda kidogo, midomo inageuka rangi, na huyo tafadhali apelekwe hosi saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Ukitaka kuhakikisha mtoto wako amechanjwa, fungua kile kijitabu cha kliniki pale kwa chanjo: wiki 6, 10 na 14, ile sindano ya paja inakinga magonjwa 5, kifaduro kikiwemo. Ukiona nafasi haina tarehe, muulize nesi.