Bembea haikingi baridi ya mlimani

"Mimi nitalala juu kwenye bembea, kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili; baridi itabaki chini." Kila kiangazi nayasikia maneno haya kutoka kwa watu wanaokuja kukodi vifaa vya mlima hapa Goma, na nikiwaambia wachukue pia godoro la povu wanabisha. Ndugu zangu, ardhi siyo peke yake inayoleta baridi. Ukilala kwenye bembea, upepo unapita chini ya mgongo wako usiku kucha na kuondoka na joto la mwili. Begi la kulalia nalo halitakuokoa. Linatunza joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake, na upande unaolaliwa uzito wako umeshaikamua hewa yote. Kifua kina joto, mgongo unaganda.

Kila ukipanda mita 1,000, halijoto inashuka nyuzi 6 hivi. Goma tuko kwenye mita 1,500, kilele cha volkano ya Nyiragongo kina mita 3,470. Usiku ambao mjini shuka moja inakutosha, kule juu halijoto imepungua nyuzi kama 12, na upepo bado hatujauhesabu. Kwa hiyo mwenye bembea aweke godoro la povu ndani, au afunge blanketi nje, chini ya bembea, lisibanwe na mwili. Mimi nasisitiza hilo blanketi, maana godoro huteleza ukigeuka.

Na utaifunga wapi? Ukingo wa Nyiragongo ni mawe ya lava matupu. Mlima Karisimbi una mita 4,507, na miti ya kubeba mtu unaiacha mbali chini ya kilele. Mianzi isikudanganye: ina uwazi ndani, inapinda na kupasuka. Bembea ni ya msituni. Ukipita mwisho wa miti, ni hema tu.

Eti bembea ni nyepesi? Yenyewe, ndiyo. Ongeza turubai, chandarua, mikanda na lile blanketi, kisha inua mzigo tena: umekaribia hema la mtu mmoja.

Eti hema linapasha joto? Linazuia upepo na mvua, basi. Acha matundu ya hewa wazi, la sivyo mvuke wa pumzi utakulowesha kabla ya asubuhi. Na jiko la makaa lisiingie humo kamwe, hata likiwa limebaki majivu yenye moto. Gesi yake haionekani na inaua watu wakiwa usingizini.

Wengine wanachagua shimo ili wajikinge na upepo. Mtu wa Goma anayejua mazuku, yale mashimo yenye gesi inayoua, anawezaje kufanya hivyo? Kaboni dayoksaidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni, hasa usiku uliotulia, na wewe umelala pua karibu na ardhi. Ukikuta ndege au mbuzi amekufa shimoni, usishuke kumtazama. Hema lisimame palipoinuka, hata kama upepo utalipiga mpaka asubuhi.