Huzuni ya viola da gamba imeandikwa, haiji yenyewe

Jana tena, nimetoka kupiga viola da gamba, ala ya nyuzi ya zamani inayobanwa katikati ya miguu na kusuguliwa kwa uta, ule ufito wenye nywele, bado hata uta sijauweka chini, kaka mmoja kanifuata ananiambia "dada, muziki huu ni kufumba macho tu moyo uongee". Jamani hapana. Nimechoka kuisikia hii.

Mchukueni Marin Marais, mpigaji wa mfalme Louis wa 14 kule Ufaransa. Katoa vitabu vitano vya vipande vya viola, cha kwanza 1686, cha mwisho 1725, na kwenye cha pili, cha 1701, yamo maombolezo ya kumlilia mwalimu wake Sainte-Colombe. Ala yenyewe tuiache, twende kwenye karatasi ya noti. Kamstari ka mawimbi kakilala ni vidole viwili, kimoja kimebana uzi, cha pili kinaugusagusa pembeni yake. Kakisimama wima ni kidole kimoja kinayumba, na alama hiyo Wafaransa wanaiita plainte, yaani kilio. Ni pambo, limewekwa kwenye noti hii na sio ile! Sasa mtu anatetemesha kila noti toka mwanzo mpaka mwisho ili aonekane ana hisia, ni sawa na kuingia msibani ukapiga yowe moja lisilokatika, nani atajua panapouma ni wapi?

Halafu kuna ile herufi e, Marais kaileta kwenye kitabu cha tatu, 1711. Ukiikuta juu ya noti unavimbisha sauti kwa uta, na uta wetu tunaushika kiganja kikitazama juu, vidole viko kwenye nywele zenyewe za uta, ukibana sauti inajaa, ukilegeza inashusha pumzi. Wiki tatu nimekaa na noti moja ya e, nikivimbisha mapema inakuwa hasira, nikichelewa kidogo ndio inakuwa mtu anayejizuia kulia. Moyo wangu ulikuwa uleule siku zote hizo, kilichobadilika ni kidole.

Ila kuna kitu kinanisumbua kweli. Mwezi uliopita nilimpigia mama yale maombolezo kwenye simu, jina la kipande sikumtajia. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia "mwanangu, hapo kuna mtu anambembeleza mtoto alale". Tangu siku hiyo kila nikifika kwenye zile noti za chini nasikia mtoto, na mkono wa uta unakuwa mwepesi bila mimi kuuambia.