Je, Wajua Kwa Nini Shela la Bibi Harusi Huwa Jeupe?

Uliza meza yoyote ukumbini na utajibiwa kwamba weupe ni alama ya usafi, kwamba binti hajaguswa. Maelezo hayo yalikuja baadaye. Rangi yenyewe ilishika kwa mambo mawili ya kidunia kabisa: pesa na lesi.

Kabla ya karne ya 19, binti wa Ulaya aliolewa akiwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote, iwe ya bluu, kahawia au hata nyeusi, kisha akaendelea kuivaa kanisani na kwenye sherehe za watu. Wakubwa walijionyesha kwa nyuzi za madini: Princess Charlotte wa Uingereza aliolewa mwaka 1816 akiwa na gauni la kumetameta fedha. Nyeupe ilikuwepo, ila hakuna aliyeidai. Mary, malkia wa Scotland, aliivaa alipoolewa Paris mwaka 1558, ilhali kwa malkia wa Ufaransa nyeupe ilikuwa rangi ya kufiwa na mume.

Kisha ikaja tarehe 10 Februari 1840. Malkia Victoria, akiwa na miaka 20, alifunga ndoa na binamu yake Albert jijini London. Aliacha joho la kifalme, akavaa satini ya hariri iliyofumwa Spitalfields, mtaa wa humo humo London, na juu yake lesi ya Honiton kutoka Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Lesi hiyo ilifumwa kwa mkono: nyuzi nyembamba zinapishanishwa kwa vijiti vidogo vya mbao juu ya mto, pini zikishikilia kila ua mpaka likamilike. Mashine zilikuwa zinawaua njaa wafumaji wake. Oda ya malkia iliwapa kazi wanawake zaidi ya 200, na kuivaa mbele ya Uingereza nzima kulikuwa tangazo la biashara lisilolipiwa. Sasa, lesi ya namna hiyo ukiiweka juu ya kitambaa kinachometameta, nani ataiona? Inataka kitambaa kitulivu, cha rangi ya kukaribiana nayo. Kwa hiyo gauni likawa la krimu. Victoria aliipenda lesi ile kiasi cha kuivaa tena na tena kwenye shughuli za ukoo, na alipozikwa mwaka 1901 alizikwa na veli yake ya harusi.

Pesa je? Fikiria nyeupe kwenye mji wa matope na moshi wa makaa ya mawe, hakuna sabuni ya unga wala mashine ya kufulia. Nguo usiyoweza kuirudia ilikuwa majigambo tosha. Ndiyo maana michoro ya harusi ile ilipowafikia wenye nazo wa Ulaya na Marekani, wao ndio walioiga kwanza. Wa kipato cha kawaida waliendelea na rangi zao kwa miongo mingi, hadi vitambaa vya kiwandani viliposhusha bei. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, wapo walioshona gauni kwa parachuti. Makumbusho ya Smithsonian huko Marekani yana moja la mwaka 1947, la nailoni ya parachuti iliyomwokoa bwana harusi mwenyewe aliporuka kutoka kwenye ndege iliyowaka moto.

Kuna jambo hunichekesha. Victoria, mwenye mataji ya kweli kabatini, siku hiyo alivaa kichwani shada la maua ya mchungwa. Sisi tusio na ufalme ndio tunaokodi taji la stoni! Mkia wa gauni nao ulimletea vituko: wasichana 12 waliubeba, haukuwatosha, wakawa wanakanyagana visigino.

Huku kwetu shela liliingia kupitia kanisa, na halikufuta ya zamani. Pwani bibi harusi bado husingwa, hupakwa hina na piko, hupambwa kwa asumini, na kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, haikosekani. Kwenye harusi nyingi za Tanzania, rangi zimehamia kwenye send-off, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi: hapo binti hujiachia na kijani, zambarau au dhahabu, nyeupe ikisubiri siku yake.

Ukienda kukodi, iwe la nguva (la kubana mwili) au la mwavuli (la kutanuka chini), utakuta nyeupe zenyewe haziko sawa. Nyeupe pee ina ubluu ndani yake, na chini ya taa za ukumbini huwaka. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Ikikutana na gauni la mwavuli lililojaza nusu ya picha, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa mwenye ngozi nyeusi unazama. Wapambaji wengine hutibu hilo kwa poda, mpaka shangazi anauliza bibi harusi yuko wapi. Mimi naona krimu au rangi ya pembe za ndovu, iliyo karibu zaidi na ile ya Victoria, inasaidia kuliko poda. Kabla hujalipa, livae, upigwe picha kwa simu, nje juani na ndani kwenye taa. Mpigaji aguse uso wako kwenye kioo cha simu, ili mwanga upimwe hapo na si kwenye gauni.