Je, wajua: kijana wa shambani aliyejichongea darubini alifikaje kugundua Pluto?

Jibu linalosikika mara nyingi ni hili: Clyde Tombaugh, kijana wa Kansas huko Marekani, alijitengenezea darubini kwa mikono yake, akaielekeza angani, akaiona Pluto. Ni simulizi tamu, na nusu yake ni kweli. Darubini aliitengeneza, na Pluto aliigundua, ila hakuigundua kwa darubini hiyo.

Huenda mkanganyiko unatokana na William Herschel, mwanamuziki aliyehamia Uingereza kutoka Hanover. Yeye alichonga vioo vyake vya metali nyumbani, na tarehe 13 Machi 1781 aliigundua sayari ya Uranus kwa darubini yake mwenyewe yenye kioo cha upana wa sentimita 16 hivi. Mfalme George III akampa posho ya pauni 200 kwa mwaka, na Herschel akauacha muziki. Kwake mambo yalikwenda moja kwa moja: fundi, darubini, ugunduzi, kazi. Ni rahisi mtu kudhani Tombaugh alipita njia ileile.

Tombaugh alipata kazi kwanza, ugunduzi ukaja baadaye. Pluto ilionekana kwenye picha zilizopigwa kwa darubini ya lenzi ya inchi 13 ya Lowell, kituo cha kuchunguza nyota mjini Flagstaff, Arizona. Darubini bora aliyokuwa nayo shambani ilikuwa ya inchi 9, na Pluto ni hafifu kupita kiwango ambacho kioo cha ukubwa huo kinaweza kulionyesha jicho. Hata kama ingeonekana, ingekuwa nukta moja katikati ya maelfu ya nukta zinazofanana nayo. Sayari zilizo karibu huonekana kama visahani vidogo. Pluto haina sura ya kuitambulisha, na inajulikana tu kwa kuwa inahama.

Sasa darubini ya shambani ilimfaa nini? Ilimwezesha kuchora Mars na Jupita kwa undani. Aliituma michoro hiyo Lowell, ambako mkurugenzi, Vesto Slipher, alikuwa akitafuta mtu wa kuendesha darubini mpya ya picha. Slipher akamjibu kwa maswali, kisha akamwita aje kwa majaribio. Tombaugh alifika Flagstaff Januari 1929 bila shahada yoyote, kwa sababu mvua ya mawe ilikuwa imeharibu mazao ya familia, na fedha za chuo zikapotelea humo.

Michoro ile isingekuwepo bila kioo kizuri, na kioo kizuri kisingekuwepo bila shimo. Darubini yake ya kwanza, ya mwaka 1926, haikumridhisha, kwani hakuwa na mahali pa kukipimia kioo ipasavyo. Akachimba ardhini shimo la urefu wa futi 24, kina futi 8 na upana futi 7, apate hewa tulivu isiyobadilika joto. Familia ililitumia pia kuhifadhi vyakula na kujikinga na dhoruba. Darubini ya inchi 9 ya mwaka 1928 ilitokana na shimo hilo, na mwili wake ulikuwa na shafti ya gari la Buick la mwaka 1910 na vipande vya mashine ya kutenganisha krimu na maziwa.

Hapa kuna dhana nyingine potofu, tena nzito kuliko ya kwanza: kwamba kitu chenye usahihi mkubwa lazima kitoke kwenye mashine yenye usahihi mkubwa zaidi. Uso wa kioo cha darubini haupaswi kukosea umbo lake kwa zaidi ya nanomita 70 hivi, yaani takriban sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kuongozwa kwa kipimo hicho. Hata hivyo mikono imekuwa ikivichonga vioo vya namna hiyo kwa karne kadhaa, tena kwa vifaa vinavyotosha kwenye ndoo moja.

Siri ya kwanza ni jiometria. Chukua vioo viwili vinene vya duara, vya kipenyo cha milimita 200. Kimoja kilaze juu ya pipa au meza nzito na ukibane kwa vipande vitatu vya mbao. Kinyunyizie kijiko kidogo cha unga mkali wa kusagia uitwao silikoni kabidi, namba 80 (namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa), na maji kidogo, kisha weka kioo cha pili juu yake na usugue: mbele na nyuma, katikati juu ya katikati, mwendo usiozidi theluthi moja ya kipenyo. Baada ya misuguo sita au minane, zungusha kioo cha juu kidogo upande mmoja, nawe usogee hatua moja kulizunguka pipa kwa upande wa pili. Mkwaruzo ukififia sikioni, unga umechoka. Ongeza mwingine.

Kila mara kioo cha juu kinaponing'inia nje ya ukingo, uzito wake huelemea ukingo wa kioo cha chini na katikati ya kioo cha juu. Kwa hiyo cha juu, ambacho ndicho kitakuwa kioo cha darubini, hubonyea na cha chini hubinuka. Kwa darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga wa nyota unapokusanyika) wa milimita 1,200, kibonyeo cha katikati kinatakiwa kifike milimita 2.08. Kukipima ni rahisi: laza rula iliyonyooka juu ya kioo, kisha jaribu kupitisha chini yake, katikati, kipande cha waya wa unene huo.

Kwa nini kibonyeo hicho kiwe sehemu ya tufe, si bakuli lolote tu? Shika mpira kwenye kiganja kilichokunjwa kuufuata. Ugeuze utakavyo, bado unagusa kiganja pote. Sasa shika yai. Likikaa upande mmoja linaenea vizuri, lakini ukiligeuza robo tu, pengo linafunguka. Nyuso mbili zinazoteleza na kuzunguka kila upande bila kuachana zinaweza kuwa na maumbo mawili tu, bapa au tufe, na hata bapa ni tufe la nusu kipenyo kisicho na mwisho. Sehemu yoyote iliyoinuka kuliko tufe hugusana kwanza, hubeba mzigo wa wenzake, na husagika kabla yao. Hakuna anayelitafuta tufe. Linajitokeza lenyewe.

Ndiyo maana mkono usiolingana hauharibu kazi. Anayefagia uwanja kutoka upande mmoja kila siku huacha tuta upande wa pili. Anayefagia leo kutoka huku na kesho kutoka kule huuacha uwanja sawa, hata kama kila mpigo wa ufagio una kasoro yake. Makosa hayapotei, ila yanatawanyika hadi hakuna sehemu inayopata zaidi ya nyingine. Sharti ni kwamba mzunguko uwepo kweli. Anayesahau kugeuza kioo, au aliyekilaza juu ya kitu kisicho sawa, hupata uso uliobanwa upande mmoja, na nyota zake huonekana kama vistari badala ya nukta.

Baada ya namba 80 hufuata 120, 220, 320 na 500, na kila hatua huondoa vishimo vya hatua iliyotangulia. Kinachoharibu kazi hapa ni uchafu. Punje moja ya namba 80 iliyojificha chini ya ukucha, ikianguka wakati wa namba 500, huchora mkwaruzo utakaokurudisha hatua tatu nyuma. Osha ndoo, meza, aproni na kucha. Ukingo wa kioo nao unolewe kwa mshazari tangu mwanzo, kwa sababu ukingo mkali humeguka na vipande vyake hukwaruza vilevile. Kisha kioo cha chini hupakwa lami ya misonobari iliyokatwa miraba, na kioo hung'arishwa kwa seriamu oksidi na maji. Zamani walitumia unga mwekundu wa oksidi ya chuma. Lami ni ngumu kwa haraka na laini kwa polepole: huufuata uso wa kioo taratibu, na bado huushikilia wakati wa kusugua.

Hadi hapo kuna tufe linalong'aa. Siri ya pili ni kuliona. Mwaka 1858 Mfaransa Léon Foucault alionyesha njia ambayo ingali inatumika: taa iliyofunikwa yenye tundu dogo sana, wembe, na jicho. Tundu huwekwa mbele ya kioo kwa umbali wa mara mbili ya urefu wa fokasi, hapa milimita 2,400. Kioo cha tufe hurudisha mwanga wote kwenye nukta moja kando ya tundu. Jicho likiwa nyuma ya nukta hiyo, kioo chote kinaonekana kikiwaka. Wembe ukiikata nukta taratibu, tufe kamili huzimika lote kwa pamoja, kijivu pote. Kama kuna kilima au bonde, mwanga kutoka hapo hauipiti nukta hiyo. Upande mmoja wa kilima huzimika mapema na mwingine hubaki uking'aa, na kioo huonekana kama nchi yenye milima iliyomulikwa na jua la jioni.

Kipimo kinapata wapi nguvu hiyo? Kumbuka mtoto anayemulika ukuta wa mbali kwa kioo kidogo: akitikisa mkono kidogo tu, doa la jua linaruka ukuta mzima. Umbali unakuza mtikisiko. Mteremko unaopanda nanomita 50 ndani ya milimita 25 za uso wa kioo haushikiki kwa kidole, lakini baada ya mwanga kusafiri milimita 2,400 umeshapotoka kwa karibu milimita 0.01, na wembe unauona.

Kwa ukali huo kipimo huona pia yasiyotakiwa. Bonyeza uso wa kioo kwa kidole kwa sekunde kumi hivi, kisha rudi kwenye wembe. Pale kidole kilipokuwa kuna kilima, kilichoinuliwa na joto la mwili wako, na kinachukua dakika kadhaa kunywea. Hewa yenye joto ikipita kati ya kioo na wembe huonekana ikijiviringa kama moshi. Kioo kilichotoka kung'arishwa kimevimba pasipo mpangilio, na anayekipima papo hapo anarekebisha kasoro ambazo saa moja baadaye hazitakuwepo, na hivyo anazichonga za kweli. Kioo cha kawaida hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya Pyrex, aina ya kioo kinachostahimili joto, kwa hiyo kinataka subira zaidi. Shimo la Tombaugh lilikuwa jibu la tatizo hili hasa.

Tena tufe halitoshi. Mwanga wa nyota hufika kwa miali sambamba, na tufe hukusanya miali ya ukingoni karibu zaidi kuliko ya katikati. Umbo linalotakiwa ni parabola, yaani bakuli lililozama kidogo zaidi katikati kuliko tufe. Kwa kioo chetu cha milimita 200, tufe lililo karibu zaidi nayo hukosea kwa nanomita 226 hivi, zaidi ya mara tatu ya kinachoruhusiwa. Cha milimita 150 chenye urefu uleule wa fokasi hukosea kwa nanomita 72 tu, na hapo wapo wanaokiacha kikiwa tufe. Kwa hiyo kikubwa huchimbwa katikati kwa misuguo mirefu yenye umbo la W, dakika chache kwa wakati, kisha hupimwa. Taa ikiwa imetulia mahali pamoja na wembe ukisogea, nukta unapokusanyika mwanga wa ukingoni inapaswa kuwa nyuma ya ile ya mwanga wa katikati kwa milimita 4.2. Ikipungua, endelea. Ikizidi, umepitiliza, na mara nyingi njia salama ni kurudi kwenye tufe na kuanza upya. Ukingo ulioporomoka ni kasoro inayosumbua kuliko zote, na mara nyingi husababishwa na lami laini mno au misuguo mirefu mno.

Anayepita humo hutoka na kioo, na pia na jicho lililozoea kutafuta tofauti ndogo kati ya vitu vinavyofanana, na kuuliza kila mara kama kinachoonekana ni cha kioo au cha hewa. Baadhi yao ujuzi huo umewapa kazi. Russell Porter, aliyewafundisha watu wa Springfield, Vermont, kuchonga vioo mwaka 1920, aliitwa California kusaidia kubuni darubini ya inchi 200 ya kituo cha mlima Palomar.

Huko Lowell, kazi ya Tombaugh ilikuwa kupiga picha eneo lilelile la anga kwa siku tofauti, kisha kuweka mabamba mawili (vioo vilivyobeba picha hizo) kwenye kifaa kinachoyabadilisha machoni kwa zamu, hili, lile, hili, lile. Nyota, kwa mamia ya maelfu, hutulia. Kinachohama hurukaruka. Vumbi, kasoro za bamba na nyota zinazobadilika mwanga nazo hujifanya ugunduzi.

Tarehe 18 Februari 1930 alikuwa akilinganisha mabamba ya tarehe 23 na 29 Januari. Nukta moja hafifu iliruka milimita 3 hadi 4. Hakuyaamini mabamba mawili. Alikuwa na la tatu, la tarehe 21 Januari, la ubora hafifu. Akalitoa, akaangalia mahali ambapo nukta ingepaswa kuwa kama kweli inahama, akaikuta. Ndipo akaenda kumwambia Slipher.