Si kila ofisi ni fremu

Wiki iliyopita nilipokea tena ombi lile lile, safari hii kutoka kwa kijana mhasibu anayetaka kuanza kujitegemea: "Kaka, nitafutie fremu barabarani, watu wanione." Nilimuuliza ni watu gani. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Watu tu." Kazi yangu ni kuwatafutia wafanyabiashara wa hapa Tanga mahali pa kufanyia kazi, na hao "watu tu" nimeshatajiwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niandike, ili atakayekuja na ombi hilo tena nimtumie maandishi haya badala ya kupandisha sauti.

Fremu ni chumba cha duka kinachotazama barabara, nafasi ya kuuzia kitu kinachoonekana. Mtu anapita, anaona khanga, dawa au vipuri vya pikipiki, anasimama, anauliza bei. Kwa biashara ya namna hiyo sina ubishi: lipia barabara, na ulipe vizuri. Mhasibu hana cha kutundika mlangoni. Sijapata kumwona mtu aliyetoka Chumbageni kwenda sokoni kununua dagaa, akakumbuka njiani kwamba hesabu zake za mwaka hazijakaguliwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpangishia mhasibu mwingine fremu Ngamiani kwa sababu aliing'ang'ania, na asubuhi moja nilikaa naye kwa muda wa saa mbili hivi. Waliingia wawili wakiulizia vocha, mmoja akitaka kutoa pesa kwenye simu, na mama mmoja aliyeomba aache kapu lake la mapapai hadi atakaporudi kutoka hospitali. Mteja wa kweli alikuwa mmoja tu, naye alisimama nje na faili lake kwapani, akakataa kuketi, kwa kuwa hatua tatu kutoka kwenye meza palikuwa na benchi la vijana wa bodaboda, na deni lake la TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hakutaka lifike kijiweni. Mhasibu alipojaribu kufunga mlango, giza likaingia na hewa ikakatika, maana fremu ile, kama zilivyo nyingi, ilikuwa na uwazi mmoja tu, wa mbele.

Wakala wa forodha naye anahitaji kuwa karibu na bandari, awe na umeme wa uhakika na mahali pa kutunzia nyaraka. Wateja wake humpata kwa simu. Kampuni zilizokuja kwa ajili ya bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, huuliza maegesho, chumba cha mikutano na mwenye nyumba anayetia saini mkataba na kutoa risiti. Bado kuna madalali wanaowazungusha kwenye fremu.

Vyumba vya ghorofani katika majengo ya zamani ya mjini vina kuta nene na dari la juu, kwa hiyo hupoa, lakini ngazi ni ngazi, na mteja mwenye magoti mabovu hatapanda mara ya pili. Nyumba za Raskazone na Bombo zina utulivu. Angalieni kwanza hati inasema kiwanja ni cha matumizi gani, kwa sababu kubadilisha makazi kuwa biashara kunahitaji kibali cha mamlaka ya mipango miji, yaani Halmashauri ya Jiji, na si maneno ya mwenye nyumba. Ofisi ya kuchangia inamfaa mtu anayeshinda nje kwa wateja.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha kuliko yote, yaani bei. Mtu anaambiwa fremu ni shilingi 300,000 kwa mwezi na chumba cha ghorofani ni 350,000, naye anahitimisha papo hapo kwamba fremu ni nafuu. Kwanza kuna kilemba. Mpangaji anayetoka anataka, tuseme, 2,000,000 ili akuachie nafasi. Ukikaa miaka miwili, hiyo ni zaidi ya 83,000 kila mwezi, na mara nyingi fedha hizo hazimo kwenye mkataba, kwa hiyo mwenye nyumba akikutoa mapema huna wa kumdai. Pili kuna kodi ya zuio. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, lakini mwenye fremu anakwambia kwamba yeye anataka 300,000 mkononi. Hapo karibu kila mtu hukosea: anaongeza 30,000 na kuona amemaliza. Asilimia 10 ya 330,000 ni 33,000, na inayobaki ni 297,000, si 300,000. Ili mwenye nyumba apate 300,000 kamili, kodi ya pango yenyewe ni lazima iwe 333,333. Jumlisha na kilemba, na fremu ya "laki tatu" imekuwa zaidi ya 416,000, wakati mwenye chumba cha ghorofani, aliyekubali zuio likatwe ndani ya bei yake, anapokea 315,000 na 35,000 zinakwenda TRA, nawe unabaki kulipa 350,000 zile zile. Bado sijagusa ushuru wa stempu, wala mita ya umeme ya LUKU unayochangia na mwenye mashine ya kusaga.

Ni haki niseme pia mahali ninapoyumba. Kwa desturi ya kazi yetu ninalipwa kodi ya pango ya mwezi mmoja, kwa hiyo kodi hiyo ikipanda na mimi ninapata zaidi. Nisikilizeni mkilijua hilo. Tena nimewahi kukosea kwa kuifuata hoja yangu mwenyewe. Nilimshauri wakala mmoja wa bima apande ghorofani, akapanda, na miezi minane ilipita kwa shida. Aliposhuka barabarani biashara ikachangamka. Wateja wake walikuwa wameshatapeliwa na watu waliokusanya fedha na kutoweka, hivyo mlango ulio wazi barabarani haukuwa tangazo kwao, bali dhamana kwamba kesho watamkuta. Tangu hapo ninauliza kama biashara inapokea fedha za watu kabla ya kutoa huduma, lakini sina kipimo cha kunionyesha mapema ni lini dhamana hiyo inastahili gharama yake.

Yule kijana nilimwambia aandike wateja wake kumi wa mwisho na namna kila mmoja alivyomfikia. Alirudi na karatasi: saba walielekezwa na wateja wengine, wawili anaswali nao msikiti mmoja, na mmoja ni shemeji yake. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza kama ile fremu bado ipo. Tumekubaliana tutazame kwanza chumba kimoja ghorofani, Jumamosi saa tisa alasiri, jua likiwa limelielekea dirisha, kwa sababu asubuhi kila chumba cha Tanga kina upepo.