Kwa nini Probox ya abiria haikaguliwi kama gari la nyumbani

Tangu tulipoongeza ukaguzi wa magari yanayotoka Kigoma mjini kwenda Kasulu, Uvinza na Manyovu, malalamiko yamekuwa mengi, na karibu yote ni ya namna moja: "Afande, hili ni gari dogo la kwangu, mbona mnalikagua kama basi?" Mimi ni mkaguzi wa magari na swali hilo naulizwa kila siku. Nalijibu hapa kwa kirefu, nikiamini kwamba wengi wanaouliza wana nia njema.

Gari hukaguliwa kulingana na kazi linayofanya. Probox yenye namba za njano inayompeleka mwenyewe kazini na watoto wake shuleni ni gari binafsi. Probox hiyohiyo ikisimama Mwandiga ikaita abiria, ikapakia wanne nyuma na wawili mbele kando ya dereva, imekuwa chombo cha biashara hata kama namba zake hazijabadilishwa kuwa nyeupe. Wenye michomoko, yaani magari madogo yanayobeba abiria kwa nauli namna hii, wanalijua hili vizuri. Anayetuambia "nawasaidia ndugu tu" huku abiria wake wanatuambia nauli waliyolipa anatupotezea muda, na anawapotezea muda abiria waliosubiri juani.

Utaratibu huu haukubuniwa Kigoma. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inataka gari dogo lianze kukaguliwa si zaidi ya miaka 4 baada ya kusajiliwa, kisha angalau kila miaka 2. Lori na basi hukaguliwa kila mwaka, na teksi na gari la wagonjwa vilevile. Teksi ni gari dogo kama gari dogo jingine lolote; kilichoiongezea ukaguzi ni kubeba watu kwa nauli kutwa nzima. Uingereza walianza kupima magari madogo mwaka 1960, wakigusa yale tu yaliyozidi miaka 10. Tangu 1967 gari linapimwa likifikisha miaka 3, halafu kila mwaka, katika gereji binafsi zilizoidhinishwa. Lori zito halisubiri miaka 3. Linapimwa likitimiza mwaka 1, na anayelipima ni mkaguzi wa serikali. Ujerumani gari dogo jipya hupewa miaka 3, kisha ni kila miaka 2, wakati lori lililozidi tani 3.5 hurudi kila mwaka na yale mazito zaidi huongezewa ukaguzi mwingine katikati.

Wapo wanaotuonyesha kibandiko cha Kijapani ambacho bado kiko kwenye kioo cha mbele, wakisema gari limeshapita ukaguzi huko. Ukaguzi wa Japani ni mzuri, sibishi: gari dogo jipya miaka 3, kisha kila miaka 2. Lakini gari likiuzwa nje, usajili wake wa kule hufutwa, na kibandiko kile kinabaki karatasi tu. Tafadhali kibandueni, kinaziba kioo.

Nikae kidogo kwenye breki. Penye mashine ya kupima breki, tairi mbili za ekseli moja hupandishwa juu ya rola, rola zinazungushwa, dereva anakanyaga, na mashine inasoma nguvu ya kila upande peke yake. Ujanja wa gereji haujifichi hapo. Bomba la breki la tairi moja likianza kuvuja, kuna fundi ambaye badala ya kulibadilisha hulikunja na kuliziba ili mafuta yasitoke, na gari linabaki kufunga breki kwa tairi tatu. Ukiwa mjini mwendo wa 30 husikii kitu. Ukiwa kwenye milima ya Manyovu, ukakanyaga kwa ghafla, gari linavutwa upande mmoja. Pasipo na mashine tunalala chini na tochi. Wiki chache zilizopita nilikuta bomba la nyuma kushoto limepigwa nyundo hadi likawa bapa. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda kwenye bomba lote isipokuwa pale palipopigwa. Pale palikuwa peupe, pamepigwa karibuni. Ndani ya gari mlikuwa na abiria saba, wawili wao watoto wenye sare za shule.

Kwa malori ya chumvi ya Uvinza kuna jambo jingine. Lori tupu hufunga breki vizuri hata likiwa na kasoro. Ndiyo maana Uingereza, kuanzia mwaka 2023, malori mengi yakienda kupimwa breki yanatakiwa yawe na mzigo. Kwa hiyo tukikukagua Jumatatu ukiwa mtupu, tunaweza kukusimamisha tena Alhamisi ukiwa umepakia. Hatukuonei.

Sasa utaratibu. Mamlaka yetu yanatokana na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Mwenye gari la biashara anahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu, na ombi lake huambatana na taarifa ya ukaguzi kutoka polisi. Gari binafsi halina leseni hiyo, lakini linaweza kukaguliwa barabarani wakati wowote. Stika ya Nenda kwa Usalama haizuii ukaguzi. Inaeleza gari lilivyokuwa siku lilipokaguliwa, na breki hazijui tarehe ya stika. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kila kosa, kwa hiyo makosa matatu ni 90,000. Utapewa namba ya malipo, utalipa kwa simu au benki. Usimpe askari fedha mkononi, na askari asikuombe. Kulipa faini hakufuti ubovu: kwa breki au stelingi mbovu gari linaweza kuzuiwa hadi litengenezwe na kukaguliwa upya.

Siku ya kurudi njoo na kadi ya gari, bima, karatasi uliyoandikiwa ubovu, na kama ni gari la biashara, leseni yake. Osha gari chini, kwa sababu tope la Kidahwe linaficha uvujaji na litaturudisha nyuma sote. Njoo pia na fundi wako. Nitalala naye chini ya gari nimwonyeshe kwa tochi ninachokikataa, ili kesho asilifanyie hivyohivyo gari la mwingine.